Msaada: kitako cha upinde kwa mashine ya CNC, na mimi ni mtu wa mkono wa kushoto

Mashoto wa Bavaria

Wakuu salaam. Najua humu wengi ni watu wa milango, vitanda na makabati ya jikoni, lakini swali langu ni la mbao na mashine, kwa hiyo naamini sijapotea njia.

Naishi Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Huku upinde wa kufyatua, ule unaolazwa juu ya mti na kuegemezwa begani kama bunduki, ni mchezo wa watu wa kawaida kabisa. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu lilianzishwa Landshut mwaka 1956, na pale Oktoberfest, katikati ya bia na kuku wa kuchoma, kuna hema la wapiga upinde tangu 1895. Mfanyakazi mwenzangu alinialika klabuni kwao, nikanogewa. Tunapiga shabaha za karatasi, mita 10 ukumbini na mita 30 nje. Kabla hamjaniuliza: hapa mtu wa miaka 18 kwenda juu ananunua bila kibali, ila kuwinda nao hairuhusiwi, na mimi sina haja hiyo.

Tatizo ni kwamba natumia mkono wa kushoto, na pinde zote za klabu zina kitako, yaani ule mti wa kushika na kuegemeza begani, cha mkono wa kulia. Egemeo la shavu liko upande usio wangu, mshikio umechongwa kwa kiganja cha kulia. Nikilenga nakuwa kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Mzee mmoja wa klabu ameniuzia upinde wake wa zamani: uta wa chuma, ugwe, vilengeo, reli ya alumini ya kupitishia mshale, na kifyatulio ndani ya kisanduku chake cha chuma. Vyote vizima. Kilichokufa ni kitako, kimepasuka pale kwenye mshikio. Nataka kuchonga kipya, cha kushoto.

Nilicho nacho: ubao wa mjozi, ule mti unaozaa jozi, unene milimita 65, upana 200, urefu mita moja na ushee. Karakana ya jumuiya ya hapa mtaani ina rauta ya CNC, yaani mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta, ya mihimili mitatu, meza ya 600 kwa 900, spindeli (mota ya kuzungusha biti) ya kilowati 2.2, na mafunzo yao ya usalama nimeshapita. Kuchora natumia programu ya FreeCAD, kwa kubabaisha.

Kinachonitoa jasho ni tundu la kifyatulio. Kisanduku kina upana wa milimita 20, urefu 92 na kina 44. Biti ya milimita 6 iliyo ndefu kuliko zote za saizi hiyo pale karakana ina makali ya 25 tu. Nalichimbaje? Halafu ubao unageuzwaje ukatwe upande wa pili bila pande hizo kupishana? Na je, niskani kitako cha zamani kwa simu kisha nikigeuze kiwe cha kushoto, au nichore upya? Naomba kuwasilisha.

Mpingo Halisi

Mkuu, Mtanzania mzima unachonga kitako kwa mti wa Wazungu? Agiza mpingo Kilwa au Lindi, ukiingia klabuni na kitako cheusi kinang'aa watakaa kimya.

Sheikh wa Patasi

Kijana wangu, mimi nachonga milango hapa Unguja tangu ujana wangu. Hicho kitako ni kazi ya msumeno, patasi na tupa. Mpaka wewe umalize kuifundisha mashine, mwenzio kashakunywa chai na kashapaka mafuta.

Fundi Keko 1325

Mashoto, karibu. Mimi niko Keko, Dar, naendesha rauta ya CNC ya Kichina, aina ya 1325, kazi zangu ni vichwa vya vitanda, milango na miguu ya sofa. Upinde wa namna hiyo sijawahi kuushika. Lakini kitako ni mbao inayomeza chuma, na hiyo ndiyo riziki yangu, vitasa na bawaba kila siku.

Mpingo Halisi, kaka, tupige hesabu. Kitako cha ukubwa huo ni kama lita mbili na robo za mbao. Mjozi una kama kilo 640 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo unapata kilo moja na nusu hivi. Mpingo unapita 1,200, hapo ni karibu kilo tatu kabla hujafunga chuma chochote, na mtu anapiga akiwa amesimama. Isitoshe, jamii yote ya mpingo iko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017, na mninga wetu nao umeingia 2023. Ubao wa kusafirisha unataka makaratasi. Mjozi anao tayari, tena ni mti mzuri: umetulia, haupindi ovyo, unakatika vizuri.

Sasa msimamo wangu, utaupima mwenyewe. Mashine ipe sehemu zinazokutana na chuma. Sehemu zinazokutana na mwili wako, yaani shavu, kiganja na bega, mashine iziache nene milimita tatu zaidi, umalizie kwa tupa ya mbao na msasa huku unajaribisha. Wateja wanapenda kusikia "imechongwa na kompyuta", lakini kompyuta haina shavu. Kwa hiyo Sheikh yuko sahihi nusu. Nusu nyingine ni lile tundu, ambalo kwa patasi wewe Mashoto hutalipata mraba.

Tundu lenyewe usilichimbe. Biti nyembamba ikiwa ndefu inapinda inaposukumwa, tundu linakuwa pana mdomoni na jembamba chini, kisanduku kinakwama nusu ya safari. Badala yake pasua ubao wako upate mbao tatu nyembamba. Ya kati irande mpaka milimita 20 na nywele moja, sawa na upana wa kisanduku. Za pembeni zitabaki 16 au 17 ukishatoa njia ya msumeno na randa. Jumla utakuwa na kama 53, inatosha mshikio, na upande wa shavu utagundisha kipande cha mabaki.

Umeona tulipofika? Kwenye ubao wa kati tundu limekuwa dirisha. Biti yako ya 6 inapita unene wa 20 kwa hatua za milimita nne nne, na makali ya 25 yanatosha na chenji inabaki. Ukishakata dirisha, gundisha mbao za pembeni, tundu la kina cha 44 limejitengeneza lenyewe na kuta zake zimenyooka. Faida ya pili: mbao tatu zilizogundishwa hazipindi kirahisi kama kipande kimoja.

Hapa kwenye kona simama kidogo. Biti ya duara ya milimita 6 haiwezi kuacha kona kali, inaacha mviringo wa 3, na kisanduku chako bila shaka kina kona kali. Kawaida tunaongeza kitobo kwenye kona, tunakiita sikio. Swali ni sikio lile ukuta gani. Fikiria upinde umevutwa: ugwe unavuta kifyatulio kwenda mbele, uta nao unasukuma kurudi nyuma, na mbao iliyo katikati inabanwa. Kubanwa kwa urefu wa nyuzi mbao haiogopi. Inachoogopa ni chuma kuigusa kwa nukta moja, hapo inapasuka kufuata nyuzi. Kwa hiyo ukuta wa mbele wa dirisha ni mtakatifu. Sikio la kona ya mbele lizame sakafuni, lisile ukuta huo hata kidogo. Halafu paka kisanduku rangi ya mdomo (omba nyumbani, usiibe), kiingize, kitoe, uone palipopata rangi. Kwangua taratibu kwa patasi kali mpaka ukuta wote wa mbele uwe mwekundu. Ukiwa na haraka ya kutaka kumaliza jioni hiyo hiyo, afadhali ulale.

Kugeuza ubao. Kata kipande kibaki 890 kiingie mezani, kitako chenyewe kisizidi 780, ncha mbili ni za kutupa. Chora mstari wa katikati kwa urefu, toboa juu ya mstari huo matundu mawili ya milimita 8, moja kila ncha, biti ishuke mpaka kwenye ubao wa kafara, ule unaotandikwa juu ya meza utobolewe badala yake. Tia pini. Ukimaliza upande wa kwanza, geuza kwa kuzungusha kwenye mstari huo huo, pini zirudi matundu yale yale, na sifuri ya X na Y, yaani pale mashine inapoanzia kupima urefu na upana, usiiguse. Wengi wanaharibikiwa kwenye Z, yaani kupanda na kushuka. Upande wa kwanza sifuri ya Z iwe uso wa huo ubao wa kafara. Ukigeuza, uso wa mbao uliokuwa umelala hapo sasa uko juu: sifuri iwe pale. Ni uso ule ule mara zote mbili, ndiyo maana unene ukikosea nusu milimita haitoki ngazi ubavuni. Acha madaraja manne ya upana wa 10 yashikilie kitako kwenye fremu mpaka mwisho, utayakata kwa msumeno.

Kasi: kuparura tumia biti bapa ya 8 yenye midomo miwili, mizunguko 18,000, kila mdomo ule 0.06. Zidisha: 18,000 mara 2 mara 0.06 ni milimita 2,160 kwa dakika. Usiende polepole kwa woga, ukipata unga badala ya chenga ujue biti inaungua. Kila upande shuka nusu ya unene na milimita moja ya ziada, na hakikisha makali ya biti yanapita kina hicho, la sivyo shina la biti litaisugua mbao. Kumalizia, biti ya kichwa cha duara ya 8, mpito na mpito vipishane milimita 1. Matuta yanayobaki yana urefu wa 0.03, msasa unayafuta. Hiyo ni kama mita 140 za safari ya biti, dakika 70 hivi kwa upande. Ukiweka 0.4 utakaa pale karibu saa tatu kwa upande mmoja, uchonge matuta ambayo baadaye unayasugua vile vile.

Na huko kwenu umeme haukatiki. Mimi hapa naandika sifuri kwenye karatasi kila kazi.

Karakana Ruiru

Habari zenu kutoka Ruiru. Fundi Keko amemaliza mambo ya mashine, mimi niguse mchoro pekee.

Mashoto, hiyo stori ya kuskani na simu wachana nayo. Utapata wavu wa pembetatu laki kadhaa, FreeCAD itakwama, na penye chuma kinaingia hapatakuwa na laini moja iliyonyooka. Fanya hivi: laza kitako cha zamani juu ya karatasi ya graph, rula kando, piga picha ukiwa umesimama mbali kama mita nne tano ukitumia zoom. Ukipiga karibu, ncha zinavimba na vipimo vinakudanganya. Ingiza picha kwenye FreeCAD, ipime kwa ile rula, chora umbo la ubavu juu yake. Kisha chukua kadi ngumu, kata umbo la kila mkato baada ya sentimita tano, pale kwenye mshikio kila sentimita mbili. Unganisha mikato hiyo, mwili wa kitako umetoka, msafi na mwepesi.

Kuhusu kugeuza kuwa ya kushoto, hapa watu huanguka. Geuza mwili, usigeuze chuma! Kile kisanduku kikiwa na kilinda-usalama upande wa kulia, kitabaki upande wa kulia hata ukilia. Kwa hivyo chora dirisha la chuma kwanza kwa vipimo vya vernia, liache hapo, kisha ulete egemeo la shavu na uvimbe wa kiganja upande wako.

Kipimo cha urefu: kunja kiwiko digrii 90, pima kutoka ndani ya kiwiko mpaka pingili ya kwanza ya kidole cha shahada. Huo ndio mwanzo wa umbali kutoka begani hadi kwa kifyatulio. Na tafadhali kitako cha kwanza kabisa chonga kwa mbao ya bei ya chini, hata ile ya kujengea paa. Ukiona shingo yako haijakaa vizuri, rudi kwa mchoro. Ubao wa mjozi uko mmoja tu.

Sheikh wa Patasi

Haya, nimesoma yote. Keko, lile la ukuta wa mbele umesema kweli, nakupa.

Lakini hakuna aliyeuliza cha zamani kilipasuka kwa nini. Kimepasuka mshikioni kwa sababu hapo nyuzi zinakatwa fupi. Mti umelala, mshikio umeshuka chini, kwa hiyo nyuzi zinapita mshikio kwa upande badala ya kushuka nao. Mti wowote duniani utavunjika hapo, uwe umechongwa na mashine au na malaika. Zile mbao tatu zisigundishwe zote kwa mlalo mmoja. Ile ya kati ilaze kwa mshazari, nyuzi zifuate mshikio.

Fundi Keko 1325

Shikamoo Sheikh. Umegonga penyewe, ila ya kati niiachie inyooke, ndiyo inayobanwa kati ya uta na kifyatulio. Nyuzi zake zikienda mshazari, ule ukuta wa mbele unaanza kuteleza. Za pembeni ndizo zilazwe, na kwa upana wa 200 mshazari wenyewe utakuwa mdogo sana.

Sheikh wa Patasi

Marahaba. Basi za pembeni, na mshikio utiwe pini. Atoboe kutoka chini ya mshikio kwenda juu, apitie kwenye ubao wa kati nyuma ya dirisha, atie kijiti cha mti mgumu cha milimita 8 kwa epoksi. Nyuzi za kijiti zinashuka na mshikio, zinabeba kile ambacho ubao hauwezi. Hakionekani, na hakuna wa kumwambia.

Mashoto wa Bavaria

Shikamoo Sheikh, na asanteni sana wote. Nimekiangalia cha zamani kwa tochi: ufa unafuata nyuzi moja kwa moja kutoka nyuma ya kifyatulio, kama Sheikh alivyosema bila kukiona. Nitaanza na mbao ya paini kutoka duka la vifaa.

Mawili yamebaki. Ubao wangu ulikaa banda la nje muda mrefu, naweza kuupasua sasa hivi? Na mwisho nipake vanishi au mafuta?

Fundi Keko 1325

Usiupasue leo. Banda la nje huko litakuwa limeuacha na unyevu wa asilimia 15 au zaidi, na nyumba yenye hita wakati wa baridi inaushusha mpaka 8 au 10. Uingize ndani, chumba kile kile upinde utakamokaa, uuweke juu ya vijiti upate hewa chini na juu. Karakana kama hiyo haikosi kipima unyevu, azima. Ukifika 10 pasua, halafu mbao tatu uziache zitulie siku kadhaa kabla ya kuranda mara ya mwisho, maana ubao ukipasuliwa unajinyoosha unavyotaka wenyewe. Na vaa barakoa ya maana unaporanda, vumbi la mbao IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, wameshaliweka kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani.

Mafuta, siyo vanishi. Vanishi inang'aa na shavu linanata. Lowesha mbao kwa kitambaa chenye maji, nyuzi zisimame, zikikauka piga msasa wa 240, rudia na 320, kisha mafuta ya kitani kidogo kidogo, ukifuta yanayobaki juu. Paka na ndani ya dirisha pia, penye ncha za nyuzi ndipo unyevu unapoingilia. Vitambaa vya mafuta hayo usivikunje ukavitupa kwenye pipa, vinajipasha moto vyenyewe na kuwaka. Vitandaze nje vikauke au vizamishe kwenye ndoo ya maji.

Na mara ya kwanza kuvuta ugwe usiweke shavu lako pale. Funga kitako kwenye meza kwa klempu, uta uelekee kwenye kizuizi cha mishale cha klabu, weka mshale, vuta kifyatulio kwa kamba ukiwa umesimama nyuma na pembeni. Bila mshale usifyatue kabisa, nguvu yote inarudi kwenye uta na kwenye ule ukuta uliohangaika nao. Ukishapiga mara kadhaa fungua, toa kisanduku, angalia ukuta wa mbele kwa tochi. Ukiona mstari mwembamba wa ufa, piga picha ulete hapa kabla hujaendelea.

Karakana Ruiru

Na ile faili ya FreeCAD tupe pia, kuna kijana wa hapa anapiga upinde wa kawaida na yeye ni mashoto.